Sumaku ya Dunia Iliyosomwa Oldupai

Magari yanayotoka Karatu alfajiri huacha mashamba ya ngano na kahawa, hupita lango la Lodoare, hupanda msitu wenye ukungu hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baadhi yake huendelea upande wa pili, kuteremkia nyika kavu iliko Oldupai, bonde ambalo vitabu vya nje huliandika Olduvai. Huko mgeni huoneshwa mahali lilipookotwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, na husimuliwa habari za zana za mawe na za wanyama waliokwisha kutoweka. Ni simulizi kubwa na inastahili kila sifa inayopewa. Lakini chini ya tabaka zenye mifupa kuna lava nyeusi, basalti, iliyotiririka na kuganda takriban miaka milioni 1.9 iliyopita. Haina mfupa hata mmoja, na ni wachache wanaosimama kuitazama. Mimi nadhani ingestahili kusimamiwa, kwa sababu lava hiyo ni ushahidi mkuu katika historia ya nguvu inayoamua ni nani duniani ataona mianga ya rangi inayowaka angani, ya kaskazini na ya kusini, na ni nani hataiona.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1872 hata watu wa nchi za joto waliiona. Anga la Bombay liligeuka jekundu, na la Khartoum vilevile. Waya wa telegrafu uliolazwa baharini kati ya Aden na Bombay ulivurugwa kwa saa kadhaa na umeme ambao hakuna karani aliyeutuma. Unguja haikuwa na waya wa kuvurugwa. Ilifikiwa na telegrafu ya bahari mwaka 1879. Ile ilikuwa mojawapo ya dhoruba kali za jua zinazojulikana, ya kulinganishwa na ile ya Septemba 1859, ambayo mwanga wake ulifika visiwa vya Karibea na ambayo wanasayansi huiita kwa jina la Richard Carrington, Mwingereza aliyeuona mlipuko wenyewe kwenye uso wa jua.

Mambo hayo hutokeaje? Jua halitoi mwanga na joto tu. Hutoa pia mtiririko wa chembe zenye chaji, elektroni na protoni, ambao huitwa upepo wa jua na ambao siku za kawaida hupita hapa kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Dunia ni sumaku, na usumaku wake hutanda angani na kuuzuia upepo huo usitufikie moja kwa moja. Upande wa mchana usumaku hubanwa. Upande wa usiku huvutwa ukawa mkia mrefu unaokwenda mbali kuliko mwezi. Nishati hulimbikizwa kwenye mkia huo, kisha mistari ya sumaku hukatika na kuungana upya, na elektroni husukumwa kurudi duniani. Haziji popote zipendapo. Hufuata mistari ya sumaku, na mistari inayotoka mbali kiasi hicho hushukia jirani na ncha za dunia.

Zikifika kilomita mia moja na ushei juu ya ardhi, elektroni hizo huzigonga atomi za oksijeni, nazo atomi huitoa nishati hiyo kwa mwanga wa kijani. Juu zaidi, kupita kilomita 200, hewa ni nyembamba mno na oksijeni ile ile hutoa mwanga mwekundu. Naitrojeni huongeza buluu na zambarau. Kwa hiyo mianga hii huunda pete mbili zinazozunguka ncha za sumaku, moja kaskazini na moja kusini, ambazo kwa kawaida hukaa kwenye nyuzi 65 hadi 70 za latitudo ya sumaku. Dhoruba ikiwa kali, pete hutanuka kuelekea ikweta, ndiyo maana Bombay iliona wekundu wa juu kabisa wa kitu ambacho kwingine kilikuwa kijani cha utosini.

Mtu aliyeielewa njia hiyo mapema alikuwa Kristian Birkeland wa Norway. Mwishoni mwa karne ya 19 alipanda milima ya kaskazini mwa nchi yake katikati ya majira ya baridi ili kupima, kisha akarudi maabara na kutengeneza dunia ndogo: tufe lenye sumaku ndani, likiwekwa kwenye chombo kilichoondolewa hewa na kurushiwa elektroni. Pete za mwanga zilitokea kuzunguka ncha za tufe. Wakubwa wa fizikia hawakulikubali wazo lake la mikondo ya umeme inayoshuka kwenye mistari ya sumaku, na ilibidi vyombo vya angani vya miaka ya 1960 vipite mle mle ndipo athari za mikondo hiyo zikapimwa. Birkeland hakuishi kuyaona hayo. Alitumia sehemu ya miaka yake ya mwisho Helwan, Misri, akichunguza mwanga hafifu unaoonekana angani baada ya machweo, na akafariki Tokyo mwaka 1917.

Karatu iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mistari ya sumaku inayotoka ardhini huku haisimami wima kama ya Norway. Imelala, hupinda chini chini juu ya Kenya na Ethiopia na kuzama tena upande wa kaskazini. Haifiki kwenye mkia ule mrefu. Hakuna njia ya kuzileta elektroni zile juu ya Ngorongoro. Lakini neno la kuongeza hapo ni kwamba hakuna njia *kwa sasa*, na hilo ndilo lililosomwa kwenye mawe.

Lava hutoka ardhini ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ndani yake mna chembechembe za madini ya chuma, hasa magnetaiti, na kwenye joto hilo hazina usumaku wa kudumu. Inapopoa na kushuka chini ya nyuzi 580 hivi, chembe hizo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya siku ile na kubaki nao, kama majivu mabichi ya Laetoli, jirani na Oldupai, yalivyoshika nyayo za waliopita. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alichapisha habari za udongo uliochomwa na lava katika milima ya kati ya Ufaransa, ambao usumaku wake ulielekea kinyume. Dira ingewekwa pale siku ile, sindano ingeonyesha kusini. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama alionyesha kwamba mawe ya Japani na jirani zake yaliyogeuka hivyo ni ya kale zaidi, na yale ya karibuni yako kama dira ya leo. Alisema waziwazi kwamba sumaku ya dunia yenyewe ilikuwa imegeuka.

Wengi hawakusadiki, na haikuwa ukaidi mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulipatikana Japani, kwenye mlima Haruna, mwamba ambao ukipashwa moto na kupozwa maabara hujigeuza wenyewe na kushika mwelekeo ulio kinyume na sumaku iliyouzunguka. Kama mwamba mmoja unaweza kufanya hivyo, kwa nini isiwe yote? Njia ya kumaliza ubishi ilikuwa moja. Kama sumaku ya dunia ndiyo iliyogeuka, basi miamba ya umri mmoja, iwe ya California, Iceland au Afrika, ingepaswa kuelekea upande mmoja. Palihitajika lava za kale zenye umri unaojulikana kwa hakika. Na katika miaka ile, mahali ambapo umri wa lava ulikuwa umebishaniwa na kupimwa kwa makini kuliko karibu kote duniani palikuwa Oldupai.

Sababu ilikuwa fuvu. Daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika bondeni mwaka 1911 na kuokota mifupa iliyowashangaza wataalamu wa Berlin. Mwaka 1913 Hans Reck, mtaalamu wa volkeno, alitumwa kuchimba, na yeye ndiye aliyezipa tabaka za bonde namba zinazotumika hadi leo, kuanzia Tabaka la I juu tu ya ile lava. Mtafiti Louis Leakey alikuja na Reck mwaka 1931. Miaka 28 ikapita, na tarehe 17 Julai 1959 mkewe, Mary Leakey, akaona meno ya fuvu la Zinjanthropus yakichungulia kwenye mteremko. Louis alikadiria lina miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitumia njia mpya ya potasiamu na agoni: potasiamu ya namna fulani ndani ya mwamba huoza taratibu kuwa gesi ya agoni, na kiasi cha gesi kilichonaswa huonyesha muda uliopita tangu mwamba ugande. Wakatangaza miaka milioni 1.75. Vitabu vya chimbuko la binadamu vililazimika kuandikwa upya.

Upinzani ulikuja upesi. Mwaka huohuo maabara ya Heidelberg, Ujerumani, iliipima basalti iliyo chini ya tabaka la fuvu na kupata miaka milioni 1.3 tu. Hilo haliwezekani, kwani sakafu haiwezi kuwa changa kuliko vitu vilivyowekwa juu yake. Kwa hiyo ile lava nyeusi, ambayo hakuna aliyeijali kwa kuwa haina mifupa, ikawa ghafla jiwe la kugombewa. Ilikusanywa upya, ikachunguzwa kwa hadubini kuona kama maji na chumvi za ziwa la kale zilikuwa zimeiharibu, ikapimwa tena. Vipande vizuri vilitoa takriban miaka milioni 1.9, na hesabu ya Berkeley ikasimama.

Richard Hay, mwanajiolojia wa Berkeley, alianza kazi Oldupai mwaka 1962. Alilitembea bonde kwa miaka mingi, akifuatilia tabaka moja la majivu kutoka korongo moja hadi jingine na kulihusisha na mlima uliolitema: Ngorongoro, Olmoti, Kerimasi, na baadaye Oldoinyo Lengai ambao hadi leo haujatulia. Kitabu chake cha mwaka 1976 bado ndicho msingi wa kila anayefanya utafiti pale. Pamoja na Sherman Grommé, aliyebobea katika usumaku wa miamba, aliitazama basalti ya chini kwa swali ambalo Leakey hakuwa ameliuliza: ilipoganda, sindano ilielekea wapi?

Kazi ya namna hiyo huonekana nyepesi kwa mtazamaji. Kipande cha mwamba hakitolewi mpaka kwanza kimewekewa alama ya kaskazini na ya mlalo wake, kwa sababu kikishang'olewa bila alama hakisemi lolote. Maabarani, usumaku wa baadaye, kama ule wa radi zilizopiga mahali pale, huondolewa kwanza ili ubaki ule wa siku ya kuganda. Jibu la lava ya Oldupai lilikuwa wazi. Ilikuwa imeelekea kaskazini, kama dira ya leo.

Hilo halikutarajiwa. Watu watatu huko Menlo Park, California, yaani Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple, walikuwa wakijenga kalenda ya sumaku ya dunia, na mwanzoni ilionekana kama sumaku hugeuka kwa vipindi virefu vinavyokaribiana urefu. Kwa kalenda hiyo, miaka milioni 1.9 iliyopita ilikuwa katikati ya kipindi cha sumaku iliyogeuka. Dira ilipaswa kuelekea kusini. Grommé na Hay walichapisha matokeo yao mwaka 1963, na nchi iliyotajwa kwenye kichwa cha makala ni Tanganyika. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Tarehe 26 Juni, miezi miwili kamili baadaye, Cox na wenzake walichapisha kalenda iliyorekebishwa. Vipindi virefu walivipa majina ya wanasayansi: Brunhes, Matuyama, Gauss. Vile vifupi vilivyochomoza katikati walivipa majina ya mahali vilipotambuliwa. Cha kwanza kiliitwa Olduvai.

Tangu hapo jina hilo limesafiri mahali ambapo hakuna Mmasai wala Mwiraqw aliyewahi kufika. Vipimo vya meli za utafiti vya usumaku wa sakafu ya Pasifiki vilipochapishwa mwaka 1966, mistari ya mawe ya kawaida na yaliyogeuka ilionekana kulala sambamba pande zote mbili za mgongo wa bahari, na mstari wa Olduvai ulikuwemo, mahali pake, kulia na kushoto. Huo ulikuwa ushahidi ulioimaliza hoja ya kwamba sakafu ya bahari huzaliwa katikati na kusukumwa kando, na kwamba mabara huhama. Nguvu hizo hizo ndizo zinazoipasua Afrika kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, ambao kila gari linaupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Kwa muda mrefu mwanzo wa enzi ya Pleistosini uliwekwa karibu na mwisho wa kipindi cha Olduvai, mpaka mwaka 2009 uliporudishwa nyuma hadi miaka milioni 2.58. Leo kipindi chenyewe kinahesabiwa kuwa kilianza miaka milioni 1.95 iliyopita na kuisha miaka milioni 1.78 iliyopita.

Ukiishika kalenda hiyo mkononi, historia ya Ngorongoro inapata upande mwingine. Zinjanthropus wa miaka milioni 1.84 iliyopita aliishi chini ya sumaku kama yetu. Wale watatu au zaidi walioacha nyayo Laetoli, miaka milioni 3.66 iliyopita, waliishi chini ya sumaku iliyogeuka. Wala hao wala huyu hawakuwa na mianga angani, maana sumaku iliyogeuka ikiwa imara huzipeleka elektroni kwenye ncha vilevile. Kaskazini na kusini ndivyo vilivyobadilishana.

Jambo la kusisimua liko kwenye mipaka. Sumaku ya dunia hutengenezwa na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka kuanzia kina cha kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, na sumaku hiyo haigeuki kwa siku moja. Huchukua maelfu ya miaka, na katika muda huo usumaku hupungua sana, pengine ukabaki sehemu moja ya kumi. Ncha mbili hazitawali tena. Huzuka nyingine ndogondogo mahali popote. Pete za mwanga hapo hazina sababu ya kubaki Norway na Antaktika. Zinaweza kushuka, kuhama, hata kukaa juu ya nchi za ikweta. Kipindi cha Olduvai kilipoisha, sehemu ya chini ya Tabaka la II la Oldupai ilikuwa ikijengwa kando ya ziwa la magadi, na viumbe wa jamii ya binadamu walikuwa pale wakichonga mawe. Hakuna tabaka linalohifadhi rangi ya anga. Lakini kwa fizikia tunayoijua, vizazi vya viumbe hao vingeweza kulala chini ya mbingu ya kijani na nyekundu, hapahapa, na siwezi kulitazama bonde lile bila kuliwazia hilo.

Karibu nasi zaidi kuna tukio la miaka 41,000 iliyopita, linaloitwa Laschamps kwa jina la kijiji cha Ufaransa. Sumaku ilidhoofika vibaya, ncha zikatangatanga, kisha zikarudi zilipokuwa. Mwaka 2025 watafiti walichapisha hesabu zinazoonyesha pete ya kaskazini ikihamia juu ya Ulaya na Afrika Kaskazini. Karatu ilikuwa na watu wakati huo, watu kamili kama sisi. Kwenye pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi upande wa Mang'ola, ambalo Ludwig na Margit Kohl-Larsen walilichimba katika miaka ya 1930, tabaka za zama hizo zina zana za mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Hesabu hazionyeshi pete ikifika utosini mwao. Hata hivyo, kati ya sumaku dhaifu namna ile na dhoruba ya jua ya ukali wa 1872, wekundu kwenye upeo wa kaskazini wa Eyasi si jambo la kustaajabisha.

Dhoruba kubwa tuliyoishuhudia karibuni ilikuja tarehe 10 na 11 Mei 2024. Mianga ya kusini ilipigwa picha Afrika Kusini na Namibia, jambo ambalo wengi wa huko hawakuwahi kuliona maishani. Haikufika kwetu. Sumaku ya dunia kwa sasa inapungua, kwa asilimia 9 hivi katika miaka 200, na mahali ilipodhoofika zaidi ni juu ya Amerika Kusini na Atlantiki ya Kusini, ambako setilaiti hupata hitilafu zikipita. Upungufu huo umeanza lini, wapimaji wenye vifaa hawawezi kusema, kwa kuwa kumbukumbu zao ni fupi. Waliosema ni wakulima wa zama za chuma wa bonde la Limpopo. Walikuwa na desturi ya kuchoma nyumba na maghala, udongo wa sakafu ukapata moto wa kutosha kuusahaulisha usumaku wa zamani na kuupa mpya, na John Tarduno na wenzake wamezipima sakafu hizo. Wameona kwamba sumaku ya kusini mwa Afrika iliwahi kuporomoka ghafla kati ya karne ya 13 na ya 16, lakini sumaku ya dunia haikugeuka. Kwa ushahidi uliopo, kupungua kwa leo hakulazimu mageuzo yafuate, na yakifuata yatachukua maelfu ya miaka.